Fomula haina bawabu

Binti wa jirani yangu yuko Kidato cha Tatu. Juzi jioni alinikuta barazani, akaniamkia, akavuta kigoda na kufungua daftari la hisabati mahali palipochorwa mkasi mkubwa mwekundu, alama ya kukosa. Mwalimu hakuandika neno lolote, ni mkasi tu. Swali lilimtaka ataje namba zote zinazoweza kuingia mahali pa x katika fanksheni hii:

f(x) = √(x − 3) / (x − 5)

Yeye alijibu: namba zote halisi isipokuwa 5.

"Umefikaje hapo?" nikamuuliza.

"Chini isiwe sifuri, mjomba. Tano toa tano ni sifuri, kwa hiyo tano haifai."

"Na huko juu?"

"Juu hakuna neno. Matatizo huwa chini."

Nilimwambia achukue kikokotoo chake aweke 1 mahali pa x. Kioo kikaandika kosa. Akakitikisa. "Labda betri, mjomba." Akaweka 2, kosa tena. Akaweka 3, ikaja 0. Akaweka 4, ikaja hasi 1. Akaweka 5, kosa. Akaweka 7, ikaja 1. Akanyamaza kidogo, kalamu mdomoni, kisha akasema: "Kumbe mageti ni mawili. La juu halipitishi namba iliyo chini ya tatu, la chini linaizuia tano peke yake."

Hilo ndilo jibu, na amelisema vizuri kuliko kitabu chake. Kila namba kuanzia 3 kwenda juu inaruhusiwa, ukiitoa 5. Kilichonikera ni kwamba alikuwa ameshafundishwa mada nzima, amefanya zoezi na kusahihishiwa, bila mtu kumwomba ajaribu namba moja aone inakwama wapi. Alipewa kanuni ya kukariri, "chini isiwe sifuri", akaibeba kama hirizi. Kipeuo cha pili kilipotokea juu, hirizi haikumsaidia.

Waliopita sekondari wengi wanaikumbuka mada hii kwa mbali: fanksheni, namba zinazoingia, namba zinazotoka, mtihani, basi. Kwenye karatasi nyingi nilizoziona, swali la namba zinazoruhusiwa hukaa pembeni, kipengele cha alama mbili, baada ya mtoto kuchora grafu na kupiga hesabu zote. Mimi naona limewekwa kinyumenyume. Kabla hujaitumia fomula yoyote, ya darasani au ya ofisini, swali la kwanza ni hilo: imekubaliwa ifanye kazi kwa namba zipi? Fomula yenyewe haitakuambia. Fomula haina bawabu mlangoni; bawabu ni wewe.

Tuanze na sifuri, maana huko ndiko kila mtu aliambiwa "haiwezekani" na wachache wakaambiwa kwa nini. Kugawanya ni kuzidisha kwa kurudi nyuma. Ukisema 12 gawanya kwa 4 ni 3, unachosema ni kwamba 3 mara 4 ni 12. Sasa 12 gawanya kwa 0 itakuwa namba gani? Itakuwa ile ambayo ukiizidisha kwa 0 unapata 12. Tafuta mpaka kesho, haipo. Na 0 gawanya kwa 0 je? Hapo tatizo ni la upande wa pili: kila namba inafaa, kwa kuwa kila namba mara 0 ni 0. Swali la kwanza halina jibu, la pili lina majibu yasiyo na idadi, na yote mawili hayafai kwa mtu anayetaka jibu moja la uhakika.

Wala tusimcheke mtoto anayekwama hapo. Brahmagupta, mwanahisabati wa Kihindi aliyekuwa wa mwanzo kuandika kanuni za kuhesabu na sifuri, aliandika mwaka 628 kwamba sifuri gawanya kwa sifuri ni sifuri. Karne mbili baadaye Mahavira akasema namba ikigawanywa kwa sifuri inabaki vilevile. Katika karne ya 12 Bhaskara akasema inakuwa kiasi kisicho na mwisho. Watatu hawa walikuwa vichwa vikubwa, na kila mmoja alikuja na lake. Hawakufikia jibu tunalompa mtoto wa leo kwa sekunde tano, kwamba namba hiyo hairuhusiwi kuingia, nadhani kwa sababu kukataa kunaonekana kama kushindwa. Kumbe ni uamuzi wa kihisabati kama uamuzi mwingine wowote.

Na uamuzi hubadilika kulingana na shughuli. Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad miaka ya 820 kitabu kilichotuachia neno aljebra, alipanga milinganyo yake katika aina sita ili asikutane na namba hasi popote. Hakuwa mvivu. Sehemu kubwa ya kitabu chake ni hesabu za mirathi na wasia, na huko mtu harithi dinari hasi saba. Namba zilizoruhusiwa kwake ni zile zinazoweza kupimwa au kuhesabiwa mkononi. Mwaka 1545, Mtaliano Girolamo Cardano aliligusa geti jingine. Alitaka kuigawa 10 katika sehemu mbili ambazo ukizizidisha unapata 40, akaishia kwenye kipeuo cha pili cha hasi 15. Alifanya hesabu hadi mwisho, akaona inakubali, kisha akaiita kitu kisicho na faida. Rafael Bombelli alipochapisha kanuni za namba hizo mwaka 1572, geti likafunguliwa, na leo fundi umeme aliyesoma chuo huhesabu mkondo wa umeme geu kwa namba hizo, ziitwazo changamano.

Kwa hiyo binti wa jirani anapoambiwa "kipeuo cha pili cha hasi 2 hakipo", anaambiwa nusu ya maneno. Hakipo miongoni mwa namba halisi, ambazo ndizo tulizokubaliana kuzitumia katika Kidato cha Tatu. Mwalimu akiongeza maneno hayo machache, mtoto anaelewa kwamba mipaka hii ni ya makubaliano, na haikuteremka toka mbinguni.

Mpaka hapa nimezungumzia makosa yanayopiga kelele. Kikokotoo kikikuandikia kosa, kimekusaidia. Afadhali hayo. Yanayonitisha mimi ni yale ambayo fomula inapokea namba isiyo yake, inaisaga taratibu na kukupa jibu lililonyooka, lenye koma mahali pake.

Chukua kodi ya mshahara, ile PAYE. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021 Tanzania Bara, kipato cha mwezi kinachotozwa kodi kisichozidi shilingi 270,000 hakikatwi kitu. Kati ya 270,000 na 520,000 unakatwa asilimia 8 ya kinachozidi 270,000. Ukivuka hapo hadi 760,000, ni 20,000 jumlisha asilimia 20 ya kinachozidi 520,000. Kisha hadi 1,000,000, ni 68,000 jumlisha asilimia 25 ya kinachozidi 760,000. Zaidi ya milioni moja, ni 128,000 jumlisha asilimia 30 ya kinachozidi milioni. Hii ni fanksheni moja iliyoshonwa kwa fomula tano, na kila fomula ina mipaka yake. Ile safu ya "kati ya kiasi hiki na kiasi hiki", ambayo watu huiruka wakikimbilia asilimia, ndiyo bawabu.

Niliwahi kuona katika ofisi moja ndogo jedwali la mishahara lililotengenezwa kwenye kompyuta na mtu mwenye haraka. Alichukua fomula ya mstari wa mwisho, iliyomfaa bosi, akaiburuta hadi chini kwa wafanyakazi wote. Kompyuta ilikubali bila hata kukohoa. Mwenye kipato cha 900,000 alikatwa 98,000 badala ya 103,000. Tofauti ni 5,000, nani ataiona? Mwenye 600,000 alikatwa 8,000 badala ya 36,000, naye, binadamu ni binadamu, alishukuru Mungu akanyamaza. Kosa lilifichuka kwa mhudumu mwenye 500,000, ambaye kodi yake ilitoka hasi 22,000. Yaani kwa jedwali lile ofisi ilitakiwa imwongezee fedha kwa kosa la kufanya kazi. Yeye alistahili kukatwa 18,400.

Tazama mpangilio wa makosa hayo. Kadiri namba ilivyokuwa karibu na mpaka, ndivyo jibu la uongo lilivyofanana na la kweli. Kilichookoa jahazi ni alama ya hasi, na ilionekana tu kwa sababu mtu mmoja alikuwa mbali vya kutosha na mpaka. Kama ofisi ile isingekuwa na mfanyakazi wa kipato kile, wangeendelea hadi mkaguzi aje.

Jambo hilohilo, kwa gharama kubwa zaidi, lilitokea tarehe 4 Juni 1996 huko Kourou, Guyana ya Kifaransa. Roketi mpya ya Ulaya, Ariane 5, iliruka kwa mara ya kwanza ikiwa na setilaiti nne za utafiti zilizoitwa Cluster. Ndani yake kulikuwa na kompyuta ya kupima mwelekeo wa roketi, na programu yake ilichukuliwa kutoka roketi ya zamani, Ariane 4, ambako ilikuwa imefanya kazi vizuri kwa miaka. Sehemu moja ya programu hiyo ilibadilisha namba kubwa yenye desimali, iliyohusiana na kasi ya mlalo, kuwa namba nzima ya biti 16 inayoruhusu pia hasi. Namba nzima ya aina hiyo haiwezi kuzidi 32,767. Ikifika 32,768 haina pa kukaa.

Kwenye Ariane 4 kasi hiyo haikukaribia mpaka huo. Ariane 5 iliondoka kwa njia tofauti na kushika kasi ya mlalo mapema zaidi. Sekunde kama 37 baada ya injini kuu kuanza kuwashwa, namba ilivuka. Kompyuta ya akiba ya kupima mwelekeo ilikuwa imeshakufa sehemu ndogo ya sekunde kabla, kama milisekunde 72, kwa sababu ileile: ilibeba programu ileile, kwa hiyo ilikuwa na mpaka uleule. Kompyuta kuu nayo ikazima, lakini kabla ya hapo ikatuma ujumbe wa kueleza kosa lake. Kompyuta inayoongoza roketi ikausoma ujumbe ule kana kwamba ni vipimo vya safari, ikapindisha midomo ya injini hadi mwisho, roketi ikageuka ghafla, ikakatika na kulipuka ikiwa kimo cha mita 3,700 hivi.

Tume ya uchunguzi iliongozwa na mwanahisabati, Jacques-Louis Lions wa Ufaransa, na ripoti yake inasomeka kama maelezo ya somo la Kidato cha Tatu. Wahandisi walikuwa wamegundua namba saba zenye hatari ya kuvuka mpaka. Nne waliziwekea kinga. Tatu waliziacha wazi, maana walitaka kompyuta isitumie zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake, na kwa mahesabu yao tatu hizo zisingeweza kufika huko. Kwa Ariane 4, walikuwa sahihi. Hakuna aliyerudi kuuliza swali upya roketi ilipobadilika. Na la kusikitisha kuliko yote: sehemu ile ya programu haikuwa na kazi yoyote kwa Ariane 5 baada ya kuacha ardhi. Iliachwa iendelee kwa mazoea ya roketi ya zamani.

Fomula ilikuwa sahihi, kama ilivyokuwa sahihi fomula ya kodi ya bosi. Kilichobadilika ni namba zilizoingizwa.

Turudi barazani. Nilimpa binti swali la pili, lililo rahisi kwa macho: (x² − 9) / (x − 3). Akatabasamu. Juu akaandika (x − 3)(x + 3), akakata cha juu na cha chini, akabaki na x + 3. "Hapa hakuna geti, mjomba. Namba zote zinapita." Huu ni mtego wa zamani na nimewaona hata walimu wakinaswa. Kukata hakufuti historia. Ulipokata (x − 3) kwa (x − 3) ulikuwa unagawanya kwa namba hiyo, na ruhusa ya kugawanya kwayo unayo pale tu inapokuwa si sifuri. Kwa hiyo 3 ilizuiliwa kabla ya kukata na imezuiliwa baada ya kukata, hata kama alama ya kizuizi haionekani tena. Ukichora grafu yake utapata mstari ulionyooka wenye tundu moja dogo, pale x ilipo 3. Mipaka husomwa kwenye swali lilivyokuja, si kwenye lilivyobaki baada ya kusafishwa. Alikubali kwa shingo upande.

La tatu lilikuwa la kuku. Una wavu wa mita 40, unazungushia banda la mstatili. Upande mmoja ukiwa x, mwingine ni 20 − x, na eneo ni x(20 − x). Kwa aljebra tupu, hakuna kipeuo wala kugawanya, kila namba inakubalika. Weka 30 uone: eneo ni hasi 300. Alicheka kwa sauti. "Hao kuku watalala wapi?" Bila kuelekezwa akaandika mwenyewe: x iwe zaidi ya 0, iwe chini ya 20. Mipaka hii haikutoka kwenye fomula hata kidogo. Imetoka kwenye wavu.

Kwa hiyo kuna mipaka inayodaiwa na hesabu yenyewe, na kuna inayodaiwa na kitu kinachohesabiwa. Shule zetu hufundisha ya kwanza kidogo na ya pili karibu sifuri, ilhali jedwali la kodi na roketi ya Kourou vyote viko upande wa pili.

Nina neno pia kuhusu jina. Kwa Kiswahili mkusanyo wa namba zinazoruhusiwa huitwa kikoa. Wengi siku hizi wanalijua neno hilo kupitia intaneti, kikoa cha .tz na vinginevyo. Wazee wa pwani walilijua kabla ya hapo: kula kikoa ni watu kadhaa kukubaliana kula pamoja, leo chakula kinatoka kwa huyu, kesho kwa yule. Waliomo kwenye kikoa wanajulikana. Mpita njia hakaribii sinia kwa kuwa tu amenusa pilau. Sijui neno la hisabati lililopata jina la kufaa kuliko hili, na nasikitika kwamba mtoto wa Kidato cha Tatu, aliyesoma asili na kiasi cha sehemu kwa Kiswahili shule ya msingi, analikuta jambo hili kwa lugha ya kigeni tu, bila hata dakika moja ya kuelezwa kwa lugha anayogombania chakula nyumbani. Mjadala wa lugha ya kufundishia ni mrefu na siuanzi hapa. Dakika moja tu inatosha kwa kikoa.

Kuna watakaosema nakuza jambo dogo, kwamba mtoto anayefeli kujumlisha sehemu hana haja ya falsafa ya mipaka. Sikubaliani nao. Mtoto anayeulizwa "namba gani haifai hapa, na kwa nini?" analazimika kuitazama fomula kama kitu chenye maana, na hapo hata zile sehemu zinaanza kumkaa kichwani. Yule anayekariri "chini isiwe sifuri" atafaulu swali moja, kisha atakutana na kipeuo juu.

Ombi langu kwa watunga mitihani na waandishi wa vitabu ni dogo. Swali la kikoa litoeni mkiani mliweke kipengele cha kwanza, na katika kila swali la maisha ya kawaida, la mabanda, nauli au mishahara, mtoto atakiwe kutaja namba zinazokubalika kabla ya kupiga hesabu, apate alama kwa hilo peke yake. Nawe msomaji unayelipwa mshahara, karatasi yako ya malipo ya mwezi huu ina mstari wa PAYE. Tafuta kwanza kipato chako kiko kwenye safu ipi, ndipo upige hesabu, ulinganishe na walichokukata.